Noti Iliyoachwa Nje: Kisa cha Lifehouse Iliyojengwa Upya Njiro, Arusha

Kisa hiki kinahusu CD moja iliyochomwa nyumbani huko Njiro. Ilikuwa na nyimbo 19, na juu yake limeandikwa Lifehouse kwa kalamu ya maki, jina la albamu ambayo The Who, bendi ya roki ya Uingereza, haikuwahi kuikamilisha. Aliyeijenga, ambaye humu tutamwita mjenzi, ni msikilizaji wa roki wa siku nyingi mwenye desturi ya kuwapigia wenzake muziki sebuleni Jumapili mchana. Mara ya kwanza ilipopigwa, walioketi walikuwa saba na waliofika nayo mwisho ni watatu. Sauti ilipanda ghafla na kushuka ghafla, rimoti ikawa haitui mkononi, na hakuna aliyeweza kusema hadithi ilianzia wapi na kuishia wapi. Nyimbo zenyewe ni miongoni mwa bora kabisa walizowahi kurekodi The Who. Kwa hiyo CD ilifunguliwa na kukaguliwa wimbo kwa wimbo, kisha ikajengwa tena tangu mwanzo.

Hadithi, na kilichoachwa nje

Pete Townshend, mpiga gita na mtunzi mkuu wa The Who, aliianza Lifehouse baada ya albamu yao Tommy ya 1969. Alitaka santuri mbili, filamu, na matamasha ambamo hadhira na bendi wangejenga muziki pamoja. Katika hadithi, hewa ya dunia imechafuka. Watu wanaishi ndani ya suti zilizounganishwa na mtandao mkubwa unaowalisha ndoto na burudani, na roki imepigwa marufuku. Ray ni mkulima huko Scotland, anaishi nje ya mfumo huo pamoja na mkewe Sally. Binti yao Mary anatoroka kwenda London kwenye tamasha la siri la kijana aitwaye Bobby, na wazazi wanamfuata. Mwishoni dola inavamia ukumbi, noti moja kamili ya muziki inasikika, na wote waliomo wanatoweka. Wazo la noti hiyo Townshend alilichota kwa Inayat Khan, mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi kutoka India.

Mapema 1971 bendi ilifanya majaribio katika ukumbi wa Young Vic, London. Machi ikaingia studio ya Record Plant, New York, chini ya meneja na prodyuza wao Kit Lambert. Mambo hayakwenda. Waliporudi Uingereza, prodyuza Glyn Johns ndiye aliyeshika usukani, sehemu kubwa ya kazi ikafanyika studio ya Olympic, London, na ni yeye aliyeshauri wabaki na santuri moja. Agosti 1971 ikatoka Who's Next yenye nyimbo 9: 8 za Lifehouse, na My Wife ya mpiga besi John Entwistle ambayo haihusiani na hadithi.

Wimbo ulioachwa ni Pure and Easy, na kuuacha kulivunja mgongo wa kazi yote. Pure and Easy ndio unaoitambulisha ile noti. The Song Is Over, wimbo wa kufungia hadithi, unamalizika kwa kurudia maneno ya Pure and Easy wakati muziki unafifia. Anayesikiliza Who's Next peke yake husikia kibwagizo cha shairi ambalo ubeti wake wa kwanza umechanwa. Hii ndiyo sababu ya kuhangaika kuijenga upya albamu hii: Pure and Easy isikike kwanza, kisha The Song Is Over iijibu. Nafasi ya nyimbo nyingine zote hupimwa kwa hilo.

Katika CD ya Njiro, The Song Is Over ilikuwa wimbo wa 5 na Pure and Easy wa 17. Mjenzi alianza na Who's Next kama ilivyo, kisha akabandika nyuma yake kila alichokipata. Majibu yakatangulia swali kwa karibu dakika 50.

Vyanzo

Kati ya nyimbo 19, 8 zilitoka kwenye CD halisi na 11 zilipakuliwa kwenye intaneti kwa bando la simu. Zote zilikuwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, na mjenzi aliamini kwamba WAV maana yake ni ubora kamili. Zilipofunguliwa kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa mwonekano wa spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti kuanzia besi chini hadi milio myembamba juu, faili 9 kati ya zile 11 zilikuwa zimekatwa kwenye 16 kHz, mstari ulionyooka kama ukingo wa rula, na juu yake giza tupu. Huo ni mkato wa kawaida wa MP3 ya 128 kbps, faili lililobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti. Mtu aliigeuza MP3 kuwa WAV kabla ya kuipandisha mtandaoni, na kufanya hivyo ni sawa na kumimina maji ya mfereji kwenye chupa ya dukani: chupa inabadilika, maji ni yale yale. Kwa masikio, kasoro hii husikika kwanza kwenye matoazi ya mpiga ngoma Keith Moon, ambayo badala ya kung'aa yanatoa mlio wa changarawe inayotikiswa ndani ya kopo.

Kasoro ya pili ya vyanzo ni nzito kuliko hiyo, na huwapata hata wenye CD halali. Nyimbo hizi zina rekodi zaidi ya moja zenye jina lile lile. Pure and Easy zipo tatu zinazopatikana kirahisi: demo, yaani rekodi ya majaribio, ya Townshend iliyotoka kwenye Who Came First ya 1972, akipiga kila chombo mwenyewe; rekodi ya bendi ya New York, iliyoongezwa kwenye toleo la Who's Next la 1995; na rekodi ya bendi ya Olympic iliyotoka kwenye Odds & Sods ya 1974. Mjenzi alikuwa na ile ya New York bila kujua. Ya New York ni fupi kuliko ya Olympic kwa zaidi ya nusu dakika, na alama hiyo inatosha kuzitofautisha kabla hata ya kusikiliza. Time Is Passing nayo iko kwenye Who Came First kama kazi ya Townshend peke yake, na Let's See Action imo humo kwa jina la Nothing Is Everything. Ukitafuta kwa jina tu, utaletewa yoyote kati ya hizo.

CD tatu zinatosha kwa kazi nzima: Who's Next, Odds & Sods ya 1998 ambayo ndiyo yenye Time Is Passing ya bendi, na The Ultimate Collection ya 2002 kwa nyimbo zilizotoka kama singo. Mwenye uwezo zaidi ana boksi la CD 10 la 2023, Who's Next : Life House, ambalo limekusanya pia demo, rekodi za New York na tamasha la Young Vic la tarehe 26 Aprili 1971. Mjenzi alipata zile tatu, mbili za kuazima. Zilinakiliwa kwa Exact Audio Copy, programu ya kunakili CD kwenye kompyuta, katika hali ya usomaji salama, 44,1 kHz na biti 16. Hali hiyo ni ya polepole, lakini mkwaruzo ukisomwa vibaya programu inakuambia. Wimbo mmoja wa Odds & Sods ulitoa makosa mara mbili. CD ikafutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha, na mara ya tatu ikasomeka safi.

Sauti kupanda na kushuka

Hapa ndipo wengi huharibu hata wakiwa na vyanzo safi. Matoleo ya miaka tofauti yamesukumwa kwa nguvu tofauti, na toleo jipya mara nyingi lina sauti kubwa kuliko la zamani. Katika CD ya kwanza, tofauti kati ya wimbo wenye sauti kubwa kuliko wote na ulio chini kabisa ilikuwa desibeli 8 kwa kipimo cha LUFS, kinachopima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Hiyo ndiyo iliyoikosesha rimoti utulivu.

Mjenzi alijaribu kurekebisha kwa kuziweka nyimbo zote kiwango kimoja, kila wimbo LUFS -12. Matokeo yakawa mabaya zaidi. Behind Blue Eyes huanza na gita la akustika na sauti ya mwimbaji Roger Daltrey peke yake, na kwa sehemu kubwa ni wimbo wa upole. Ukiulazimisha wimbo mzima ulingane na Won't Get Fooled Again, lile gita dogo linakuwa kubwa kama bendi nzima, na bendi inapoingia baadaye kishindo chake hakipo tena.

Dawa ni kusawazisha chanzo, wala si wimbo. Chukua kutoka kila CD kipande cha sekunde 30 ambapo bendi nzima inapiga kwa nguvu, pima LUFS ya kila kipande, kisha tafuta tofauti kati ya CD na CD. Chagua iliyo chini kuliko zote iwe kipimo, na punguza nyingine kuifuata. Katika kazi hii Odds & Sods ilishushwa desibeli 2 na The Ultimate Collection desibeli 4,5, namba moja kwa nyimbo zote za CD hiyo. Hakuna kilichopandishwa, kwa sababu kupandisha huleta vilele vinavyogonga dari na kukwaruza. Baada ya hapo, masikio yaliomba marekebisho ya nusu desibeli tu kwenye nyimbo mbili.

Kuna jambo la sabufa. Nyumba nyingi za Arusha zinasikilizia sabufa yenye spika ndogo mbili, na mjenzi alikuwa ameongeza desibeli 6 chini ya 100 Hz ili besi ijae. Lakini besi ya Entwistle huishi katikati, ndiyo maana inasikika kama gita la pili. Kuongeza chini kuliinua ngoma ya mguu na mvumo, na besi yenyewe ikazama. Nyongeza hiyo iliondolewa yote. Anayetaka mtikisiko ana kitufe chake kwenye sabufa.

Hesabu ya pande nne

Ili ionekane nini kingewezekana 1971, albamu ilipangwa kama santuri mbili zenye pande nne, hata kama mwisho wake ni CD moja. Upande wa santuri wenye sauti ya nguvu haufai kuzidi sana dakika 20. Mifereji ikibanana, sauti inapungua na besi inakonda.

Ukihesabu nyimbo za Lifehouse ambazo bendi ilizirekodi ndani ya 1971, unapata 12: nane za Who's Next, pamoja na Pure and Easy, Too Much of Anything, Time Is Passing na Let's See Action. Jumla ni takriban dakika 57. Ni nyingi kwa santuri moja na chache kwa santuri mbili, maana kila upande ungebaki na dakika 14 tu. Tommy ilikuwa na dakika 75 hivi. Hesabu hii inamtetea Glyn Johns. Kwa alichokuwa nacho mezani, ushauri wake ulikuwa wa haki, ingawa kisu kilipita mahali pabaya.

Ili pande nne zijae, ziliongezwa tatu za 1972: Join Together, Relay na Put the Money Down. Hapa watu hubishana, na wana haki. Anayetaka kubaki ndani ya 1971 aziache, akubali pande fupi. Zimeingizwa kwa sababu mawazo yake ni ya hadithi ile ile na zilirekodiwa na Glyn Johns yule yule pale pale Olympic, kwa hiyo hazipigi kelele ya ugeni masikioni.

Demo mbili za Townshend zilizokuwa kwenye CD ya kwanza, Mary na Teenage Wasteland, zilitolewa. Teenage Wasteland inashiriki maneno na Baba O'Riley, na kuziweka zote mbili ni kumsimulia mtu jambo lile lile mara mbili. Mary ni wimbo mzuri sana na kuutoa kuliuma. Lakini ni mtu mmoja nyumbani kwake, na ukiuweka kati ya nyimbo mbili za bendi, ngoma zinanyauka ghafla kana kwamba spika moja imekufa. Ulihifadhiwa kwenye faili la pembeni kwa anayeutaka.

Mpangilio ukawa hivi. Upande wa kwanza ni wa shambani na safarini: Baba O'Riley, Time Is Passing, Love Ain't for Keeping, Going Mobile, Bargain, dakika 20 kamili. Wa pili ni wa wanaoamka: Too Much of Anything, Behind Blue Eyes, Let's See Action, na mwisho kabisa Pure and Easy; dakika 17 na nusu. Wa tatu ni wa kukusanyika ukumbini: Getting in Tune, Relay, Put the Money Down, Join Together; dakika 17 na robo. Wa nne una mbili tu, Won't Get Fooled Again na The Song Is Over, chini kidogo ya dakika 15. Pure and Easy imefunga santuri ya kwanza, The Song Is Over imefunga ya pili. Msikilizaji anapewa noti nusu ya safari na kuirudishiwa mwishoni, akiwa bado anaikumbuka.

Sauti ya msimulizi

Mjenzi aliweka msimulizi wa Kiswahili, kwa mtindo wa filamu za mabanda ya video, aeleze hadithi juu ya muziki. Wazo ni jema na liliachwa libaki, kwa sababu wasikilizaji kadhaa hawakifuati Kiingereza cha nyimbo. Utekelezaji ndio ulioharibu. Msimulizi aliongea juu ya mwanzo wa Baba O'Riley, zile sekunde 40 hivi za kinanda peke yake kabla piano haijaingia. Na kwa kuwa maelezo yalikuwa marefu kuliko intro, mjenzi alikata kipande cha kinanda na kukirudia ili intro irefuke.

Kinanda hicho ni Lowrey. Wengi hudhani ni sintesaiza, kumbe ni kinanda cha nyumbani chenye kitufe cha kurudia milio kama marimba. Milio yake inafanana lakini haijirudii sawasawa. Inasogea kidogo kila wakati. Kipande kilichorudiwa kilisikika kama mtu aliyejikwaa kisha akarudi nyuma kujikwaa pale pale. Hakuna kiungo kitakachoficha hilo. Intro ilirudishwa kama ilivyo.

Usimulizi ulipunguzwa ukawa mara nne, mwanzoni mwa kila upande, sekunde 30 kila mara, katika treki yake yenyewe ili asiyeutaka auruke. Sauti ya msimulizi ilishushwa desibeli 3 chini ya muziki unaofuata. Hiyo iliongeza dakika 2, jumla ikafika dakika 71 na sekunde 36. Maneno mawili yalibadilishwa. Mtandao wa hadithi ulikuwa umeitwa gridi, na kwa mtu wa Arusha gridi ni umeme; baadhi walidhani hadithi inahusu mgao. Ukaitwa mtandao. Na kwa kuwa jina Baba O'Riley liliwafanya watu wamtafute mzazi ndani ya wimbo, msimulizi sasa anasema kwa sentensi moja kwamba jina limeungwa kutokana na Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa Townshend, na mtunzi Terry Riley.

Kelele za hadhira ya Young Vic zilizokuwa zimetandazwa chini ya nyimbo za upande wa tatu ziliondolewa zote. Ngoma za Olympic zimerekodiwa kwa karibu. Watu wanaoshangilia wako ukumbini. Sikio linakataa kwamba wako chumba kimoja.

Viungo

Kazi yote ilifanyika kwa biti 32, ikashushwa kuwa 16 mara moja tu mwishoni. Kila mwanzo na mwisho wa treki ulipewa mfifio wa milisekunde 10, kwa sababu ukikata wimbi la sauti likiwa juu unapata mlio wa «tiki», na CD ya kwanza ilikuwa nayo sehemu sita. Hapakutumika kifuta mvumo. Mvumo wa kanda ni sehemu ya rekodi, na kifutaji kinaondoka nao pamoja na pumzi ya matoazi. Kasi ilikaguliwa kwa kulinganisha na kinanda kilichotuniwa. Nyimbo za CD rasmi zilikuwa sawa, lakini faili moja la zamani la mtandaoni lilikuwa juu kwa asilimia 1, ambayo ni senti 17, karibu moja ya sita ya nusu toni, kiasi cha kumkera mpiga gita. Wa namna hiyo hurekebishwa kwa kubadili kasi na toni kwa pamoja, jinsi kanda yenyewe ilivyokosea.

Ukimya kati ya nyimbo uliwekwa kwa sikio, kati ya sekunde 1 na 3, isipokuwa kiungo kimoja kilichochukua jioni nzima. Won't Get Fooled Again inamalizika kwa gita, besi na ngoma zikiangushwa kwa pigo moja. The Song Is Over inaanza kwa piano ya Nicky Hopkins na sauti ya Townshend, chini kabisa. Kwa sekunde 2, piano inasikika kama imekanyagwa. Kwa sekunde 8, watu sebuleni waligeuka kuangalia kama umeme umekatika. Kwa sekunde 5, pigo la mwisho linafifia lote, chumba kinatulia, na piano inaingia mtu akiwa ameanza tu kuvuta pumzi. Ikabaki 5.

Kuchoma kulikuwa na mtego mmoja. Programu nyingi huongeza sekunde 2 kati ya treki bila kuulizwa, na ndivyo CD ya kwanza ilivyopata mapengo ambayo mjenzi hakuyaweka. Pengo liliwekwa sifuri, CD ikachomwa kwa mkupuo mmoja, kasi ya 8x, kwenye CD ya MB 700. Nakala ilijaribiwa kwenye deki ya zamani sebuleni na kwenye redio ya gari, maana deki za zamani hukataa CD zilizochomwa haraka. CD haigawiwi wala haiuzwi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na wenye haki za kazi hizi wapo na wanaziuza. Kinachogawiwa ni karatasi moja yenye mpangilio, desibeli za kila chanzo na sekunde za kila ukimya, ili mwenye CD tatu ajenge yake. Juu ya karatasi kila wimbo umeandikiwa ulikotoka, na mbele ya Pure and Easy pamewekwa mstari mwekundu: Odds & Sods, ya Olympic, isichanganywe na ya New York.